Nitumie Linki, Ila Usinilenge

Nilienda hosi juu ya kichwa. Hadi leo nikiulizwa, ndiyo jibu natoanga, na sio uongo. Kichwa ilikuwa inanigonga hapa nyuma karibu na shingo, na usiku nilikuwa nakodolea mabati macho hadi niskie mat za kwanza zikiita watu wa tao. Mara ya kwanza, pale senta ya afya ya mtaa walinipima malaria. Hakuna. Nikapewa dawa za maumivu, nikahepa. Mara ya pili wakanipima malaria tena, ni kama mbu wa Eastlands walikuwa wameniapia. Hakuna. Mara ya tatu nikaangukia daktari mwingine, boy wa rika yangu, raba safi chini ya koti nyeupe. Huyo kichwa hata hakugusa. Aliniuliza tu, "Buda, mara ya mwisho ulilala fiti ni lini?"

Nilicheka. Alafu kicheko ikanikatikia kwa koo, nikajipata nasoma ile poster ya chanjo ya polio kwa ukuta, neno kwa neno, ni kama nitaitishwa mtihani.

Akatoa karatasi ya maswali tisa. Kama hujawahi patana nayo, rada ni hii: unaulizwa hizi wiki mbili zimeisha umesumbuliwa mara ngapi na vitu kama kukosa usingizi, kukosa hamu ya dishi, kujiona bure, kushindwa kutulia. Kila swali unajipea kati ya sufuri na tatu. Zote zikijumlishwa ni 27. Ukifika 10, daktari anafaa kuvuta kiti karibu. Mimi nilipata 14. Manze, tangu nimalize shule sijawahi ona maksi zikaniuma hivyo.

Sasa cheki. Nje kwa korido foleni ilikuwa imefika geti: watoi wanalia, wamama wameshika vitabu vya kliniki, mzee mmoja amelala kwa benchi akikohoa. Daktari alikuwa huyo mmoja. Akaniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena. "Nitakupea linki," akasema. "Kuna apu ya bure, inakufunza kupanga mawazo. Anza leo leo." Nikaelekeza kamera kwa kale ka-boksi ka madoadoa kalikuwa kamebandikwa kwa meza, simu ikalia, na hapo nikawa nimetibiwa.

Sina ubaya na yeye, foleni niliiona na macho yangu. Lakini nilitoka pale kama msee ameingia hoteli na njaa ya siku mbili, akaambiwa apige menyu picha akapike kwake.

Usiku nikanunua bando ya finje, nikaishusha. Ikafunguka na picha ya maporomoko ya maji na sauti ya dem mzungu anabonga polepole, ni kama anaogopa kuamsha mtoi. Ati nifunge macho. Ati nijiskie niko kwa bustani, niskize ndege. Sasa ndege tunajua sisi ni wale wakubwa wa upara hukaa juu ya miti za Mombasa Road wakinyea magari. Ati nivute pumzi ndefu. Nikavuta. Jirani alikuwa anapika na stovu ya mafuta ya taa, na mtaro nyuma ya ploti ulikuwa umeziba tangu Jumatano. Nikakohoa hadi mathee akauliza kama nimeanza kuvuta fegi.

Hapo kwa keja tuko wanne. Futi kumi kwa kumi, pazia katikati. Apu inakuambia utafute mahali umetulia, uongee na sauti kuhusu kenye unahisi. Nitafute wapi? Choo ni ya ploti nzima, na hata huko kuna mtu anagonga akikuuliza kama umehamia.

Alafu lugha. Apu ilitaka nichague: ni huzuni, ni wasiwasi, ama ni hasira, na yote kwa Kizungu. Sisi mtaani hakuna msee anasemanga "nina huzuni". Utaskia "nimejam". Utaskia "kichwa imejaa", "siko poa", "nimesota hadi nawaza vibaya". Mathee yangu akisema "nina mawazo", hiyo ni ripoti nzima ya daktari ndani ya maneno mawili, na hakuna mahali pa kuibonyeza kwa skrini. Zimbabwe waliing'amua hii mapema. Kwa Kishona wako na neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kuna mradi wa kuskiza watu kwa mabenchi, ulianzishwa Mbare, Harare, 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda, uliweka hilo neno mbele. Waliokaa kwa hizo benchi kuskiza watu walikuwa mashosh wa mtaa waliofunzwa. Msee anaulizwa na lugha ya nyumbani kwao, anajibu.

Lakini lugha sio ndiyo ilinifanya nifute. Nilifuta juu ya mpira.

Ilikuwa Sato, tumejaa base, stima imepotea, na simu yangu ndiyo ilikuwa na chaji. Basi imewekwa juu ya kreti ya soda, mbogi imeinamia skrini, dakika ya themanini na kitu, timu yetu inasukuma kona. Alafu paap, meseji ikashuka juu ya skrini na herufi kubwa: apu inaniuliza kama leo bado najihisi sina maana.

Kimya. Kona ilipigwa, hakuna mtu aliiona. Alafu msee mmoja, yule wa mdomo, akasema, "Oya, hii simu yako inataka kukuoa?" Base ikapasuka. Mimi ndiye nilicheka kuliko wote, na kwa mtaa hiyo ndiyo inaitwanga jikaze kisabuni. Kabla nilale nikaifuta.

Nilirudi kliniki baada ya mwezi, juu kichwa haikuwa imeenda mahali, na hiyo siku nikaamua foleni haitaniboesha, nitaifanyia kazi. Nikaanza kuuliza wasee kama wamewahi pewa hiyo kitu ya simu ya mastresi. Nilidhani nitaskia stori moja. Wapi.

Mboda mmoja alikuwa ameumia mguu. Yeye alisema hawezi weka apu ya kuuliza mambo yake hata akilipwa. Kwani ni nini? Akanichapia: wakati mmoja alikopa kwa apu ya loni, akachelewa siku tatu, wakaanza kupigia watu wote wako kwa simu yake, hadi mama mkwe, hadi pasta. "Sasa nikiandika hapa ati nalia usiku," akasema, "nani atapigiwa?" Mazee, hiyo jibu ilinikalia. Wataalamu wakikaa chini wanaandikanga ati watu wa mtaa wanaogopa teknolojia. Mtaa gani? Ni mtaa huu huu ulipanga laini KICC 2023 kuskaniwa macho juu ya pesa ya Worldcoin, hadi serikali ikaisimamisha Agosti. Teknolojia hatuogopi. Tunakumbuka. Hao wa loni walizoea kuaibisha watu hadi Benki Kuu ikaleta sheria za kuwabana 2022, lakini kwa akili ya mboda, apu ni apu. Kwake, zote zinaanza na kukuuliza ruhusa ya kusoma namba zako.

Na usidhani ni ushamba wa Nairobi. Finland, kwenye kila kitu iko kwa kompyuta, kulikuwa na kampuni ya ushauri ikiitwa Vastaamo. Wezi waliingia kwa rekodi zake, na 2020 wagonjwa wakaanza kutumiwa meseji: toa pesa, ama siri ulizoambia mshauri wako zianikwe. Watu elfu nyingi. Mboda hajawahi skia Vastaamo, lakini hesabu yake na yao ni moja.

Mama mmoja wa mitumba alicheka tu nilipomuuliza. "Simu ni yangu," akasema, "lakini pini anajua mzee." Hakuongeza kitu, na sikumuuliza tena.

Shosh aliyekuwa nyuma yake alikuwa na kabambe imefungwa na rababendi. Yeye alitaka kujua kama hiyo apu inaweza mpima presha. Nikasema hapana. Akaniangalia kwa huruma, ni kama ni mimi mgonjwa, na kusema ukweli ni mimi.

Alafu kukawa na dem wa campo, headphone kwa shingo, na huyo ndiye alinigeuza kichwa. Yeye anaipenda. Anaitumia kila siku, saa saba usiku, chini ya blanketi huko hosteli. "Unajua chumba cha kaunsela kiko wapi hapa?" akaniuliza. Akaonyesha na macho: mlango wa mwisho, umeandikwa na herufi kubwa, mkabala na famasi penye watu wote husimama. "Nikiingia hapo leo, kesho siz yangu anaulizwa kanisani kama nimepelekwa Mathari." Kwa wale si wa huku: Mathari ni ile hosi ya akili iko Thika Road, imekuwa hapo tangu 1910, na kwa mdomo wa Nairobi jina lake ni tusi kuliko lilivyo hosi. Kwa huyo dem, simu ndiyo mlango wa nyuma. Hakuna mtu anamwona akiingia. Ile aibu ilinikamata base ndiyo simu ilimwokolea yeye.

Basi nikakaa hapo kwa benchi nikiwaza. Vitu mbili zinapingana na zote ni ukweli. Simu inakuficha. Simu inakuanika. Inategemea keja yako iko na watu wangapi.

Nikiwa home nikaanza kusaka. Kuna majaribio Waingereza walifanya, yakatoka 2015. Walichukua wagonjwa 691 wa madaktari wa kawaida wa mtaa, wenye depresheni, wakawagawanya: wengine wapate tu matibabu ya kila siku ya daktari wao, wengine waongezewe programu ya kompyuta ya kufunza akili. Kulikuwa na programu mbili, moja ya kununua na moja ya bure. Baada ya miezi minne, hakukuwa na tofauti ya maana. Unajua kwa nini? Wasee hawakuzimaliza. Hata mmoja kwa watano hakufika mwisho, hao wa Uingereza wenye stima haipotei. Alafu 2017 wakatoa nyingine: programu ile ile ya bure, lakini sasa kuna mtu amefunzwa anakupigia simu, anakuuliza umefika wapi, umekwama wapi. Waliopigiwa wakawa afadhali miezi minne baadaye kuliko walioachwa peke yao na skrini.

Nikasoma hiyo mara mbili. Yaani mimi na Mwingereza wa mvua tulilengwa sawa, tukafuta sawa.

Na hapa kwetu kuna ushahidi watu hawaubongangi. Dagoretti, wamama 421 wenye msongo, wengi wao wakiwa wamepitia kupigwa na kudhulumiwa. Waliowekwa kuwasaidia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wa ploti zile zile, wakafunzwa, wakafanya vikao vitano na kila mama. Matokeo yakatoka 2017: waliopitia hivyo vikao walipungukiwa na msongo kuliko wale walipewa huduma ya kawaida. Vikao vitano vya mtu amekaa na wewe, na hakuna mtu alishusha kitu.

Kuna swali moja nimeliruka makusudi. Lile la tisa. Linauliza kama umekuwa na mawazo ati afadhali ungekuwa umekufa, ama ujiumize. Mbele ya daktari nilisema sufuri. Kwa apu pia niliweka sufuri. Zote zilikuwa uongo.

Kwa nini? Juu nilikuwa naogopa kunyitwa. Cheka tu, lakini Kenya hii, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kinasema ukijaribu kujiua umefanya kosa. Ungeweza toka hosi ukiingia seli. Kuwaza na kujaribu ni vitu tofauti kwa wakili, lakini mimi sio wakili, na hiyo kitu ya kubonyeza inabaki imeandikwa mahali na jina lako. Januari 2025, jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema hicho kifungu kinakiuka katiba. Mtaani hakuna mtu alikuja kutuambia. Nilijua juu ya kusaka, usiku, na bando ya finje. Daktari yeyote anayetoa hiyo karatasi angeanza na sentensi moja: ukisema ukweli hapa, hakuna karao anaitwa. Ingeniokolea uongo mmoja.

Kilichonisaidia mimi kilikuja kimevaa leso na kubeba mkoba wa kijani.

Hapa kwetu kuna mama wa afya. Wako wengi, serikali ilizindua laki moja nchi nzima Septemba 2023, kila mmoja na mkoba wake na simu ya kuandikia. Wetu anajulikana na kila mtoi wa ploti. Alikuja kupima mathee presha, akamaliza, akafungua simu yake, akaangalia kitu, alafu akaniangalia. "Na wewe, ile kitu ya simu daktari alikupea ulifanya?"

Nikasema nimefuta.

Hakunihubiria. Alivuta mtungi wa maji, akaukalia. Akaitisha chai. Akaniambia, "Basi nichapie ilikuwa inakuuliza nini." Na mimi, msee wa kujikaza, nikaanza kumchapia mos mos venye apu ilikuwa inaniuliza, na kabla nijue nilikuwa namjibu yeye. Kuhusu mboka iliyoisha. Kuhusu buda yangu, ambaye hatujabonga tangu matanga ya bro wake. Kuhusu zile usiku. Mathee alikuwa nyuma ya pazia, na naamini aliskia yote, juu sufuria haikugongwa hata mara moja.

Kabla aende aliniwekea ile apu tena. Lakini akaifungua na mimi, akanionyesha penye unazima meseji zisishuke kwa skrini. Kitu ya sekunde kumi. Hiyo sekunde kumi ndiyo ilikosekana kliniki. Akaniambia nichague zoezi moja tu, lile la kuandika wazo linanisumbua na kuuliza kama ni ukweli, niandike na Sheng kama nataka, alafu Alhamisi atapita. Alhamisi akapita. Nikawa nimeandika. Sio juu apu imenibamba, ni juu singemwangusha mama aliyekunywa chai yetu.

Saa hii niko kwa 8. Sio sufuri. Swali la tisa nalijibu ukweli, na nilishikanishwa na kaunsela, nikaingia ule mlango wa mwisho mkabala na famasi mchana kweupe, nikaona watu wanaona. Hakuna kitu ilifanyika. Mtu mmoja aliniuliza saa.

Na yule msee wa mdomo, wa kona? Wiki mbili baada ya ile Sato alinitumia meseji saa nane usiku. "Oya. Hiyo kitu ilikuwa inaitwaje?" Nilianza kumtumia linki. Nikaifuta kabla itoke. Nikamwandikia, "Uko keja? Nakam." Tulikaa nje ya ploti yao hadi watu wa mandazi wakawasha jiko. Linki nilimpea asubuhi.

Kwa hivyo daktari, wewe wa raba safi, na wenzako wote wa foleni ndefu: kama uko na linki, toa, kuna dem wa campo anaihitaji. Lakini andika siku nyuma ya hiyo karatasi, na umpe mama wa afya jina langu nikikubali. Na kama wewe unayesoma ndiye umejam, na hakuna mama wa mkoba wa kijani kwa ploti yenu, Red Cross ya Kenya iko na namba 1199. Ni bure kupiga, hata bila bando, na anayeshika ni mtu.